Kadi Inaishia Mkoani

Watu husema sisi Wafipa ni wapole. Basi upole ulipogawiwa mimi nilikuwa nimetumwa dukani. Nimejaribu kuisimulia habari ya mguu wa Mama kwa utulivu, nimeshindwa. Kila nikifika pale kwenye dirisha la hospitali sauti inapanda yenyewe, na mteja aliyemleta mwanawe kupimwa sare anabaki ananikodolea macho, mimi na tepu yangu mkononi.

Mimi ni fundi cherehani Sumbawanga mjini. Nashona sare za shule kwenye baraza la duka la vitambaa, na hapo ndipo ninapopata ugali wangu. Kwetu hasa ni kijijini, upande wa Kaengesa, ambako Mama anaishi na kaka yangu, mkewe na watoto wao. Baba alishatutoka. Kaka analima mahindi na maharage kwa jozi moja ya maksai, na jozi hiyo ndiyo shamba lenyewe, kwa sababu ardhi tunayo ila mikono hatuna.

Nyuma ya nyumba ya Mama kulikuwa na kihenge kisichokuwa cha kwetu. Kilikuwa cha wagonjwa. Kila nyumba pale kijijini, baada ya kuvuna na kupukuchua, ilileta debe moja la mahindi likamiminwa humo. Aliyeuguliwa hakuzunguka akiombaomba. Alikuja uani kwa Mama, akaketi, akasema, "Tunampeleka mtoto mjini." Mama hakuuliza mtoto ana nini. Alibandua udongo uliozibia mlango wa kihenge, wakajaza magunia, mahindi yakaenda kuuzwa sokoni, mgonjwa akatibiwa. Haukuwa mkopo. Mungu akikujalia mavuno ulileta debe lako kama kila mtu, basi, yameisha. Na aliyekula cha wagonjwa hakusemwa. Palikuwa na bwana mmoja aliyemtupia jirani yake maneno kilabuni, kwamba tumbo la mkewe limewamalizia watu mahindi. Wazee walimtoza mbuzi, na yule mbuzi akaliwa na huyo huyo mke mwenye tumbo.

Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji. Walimchagua kwa sababu hakuwa mmbeya wala mdokozi, na kwa sababu alikuwa na miguu. Usiku au mchana, mvua au upepo, akisikia kuna nyumba ina mgonjwa alikwenda mwenyewe kuwaambia, "Njooni mchukue, msione haya." Kwa miguu hiyo alikwenda misa, shambani, visimani, misibani. Ukitaka kumkuta nyumbani ulilazimika kuamkia mlangoni kwake.

Bwana wa bima alikuja wakati wa mavuno, na pikipiki, fulana nyeupe na kipaza sauti. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akala kuku wa Mama, akasifia mchuzi. Halafu akasimama kwenye mkutano wa kijiji na kueleza. Kaya moja, watu sita, kadi moja, mnatibiwa mwaka mzima. Mambo ya kuchangishana kila mtu akiugua yamepitwa na wakati, akasema, huu ni wakati wa kutibiwa kisasa. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuchukua mahindi yangu ya chakula.

Mama akanyoosha mkono. Si mtu wa kusema mikutanoni, ila alikuwa mtunza kihenge, na wote waligeuka kumsikiliza.

"Hiyo kadi inafika mpaka wapi?"

"Mama yangu, inafika mpaka mkoani."

Uwanja mzima ukaguna kwa kuridhika. Mpaka mkoani. Je, kuna kwingine?

Hapo ndipo tulipoliwa, na mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa tuliliwaje. Kwetu kuna zahanati, kuna kituo cha afya, kuna wilayani, kuna mkoani, na baada ya mkoani kuna makaburi. Hivyo ndivyo tulivyohesabu tangu enzi za mabibi zetu. Mtu akifikishwa mkoani na ikashindikana, ndugu walianza kutafuta mbao. Kwa hiyo aliposema "mpaka mkoani" sisi tulisikia "mpaka mwisho". Hakuna aliyefikiri kwamba juu ya mkoani kuna ghorofa nyingine, na kwamba vyuma vya kuungia mifupa vinakaa huko. Bwana wa bima alijua. Aliulizwa, akajibu kweli tupu, na kweli yake ikatumaliza kuliko uongo.

Pesa taslimu ya kulipia kadi nyumba nyingi hazikuwa nayo. Mwenyekiti wa kijiji akatoa wazo, na kila mtu akaliona lina akili. Kihenge si cha wagonjwa? Na bima si ya wagonjwa? Basi kihenge kiuzwe, kadi zilipiwe. Kikauzwa chote, tena mwezi wa mavuno, wakati mahindi yamejaa kila ua na wachuuzi wa mjini wanapanga bei wanavyotaka huku wakichekelea. Mama mwenyewe aliingia ndani akafagia mpaka punje ya mwisho. Alitoka na vumbi kwenye nyusi, akasema, "Haya, sasa tuugue kisasa." Watu walicheka sana.

Mvua za kwanza zilipoanza, Kaka akiwa shambani na maksai, Mama aliteleza uani na ndoo ya maji. Aliangukia ubavu. Alisema alisikia kitu ndani ya nyonga kimelia kama kuni kavu. Kaka alikimbia kutoka shambani, wakapata gari lililokuwa likipeleka maharage mjini, wakamlaza juu ya magunia, na mimi nikapigiwa simu niwapokee kwenye geti la hospitali ya mkoa.

Nilifika kabla yao. Mama aliposhushwa alikuwa ameuma pindo la khanga, uso umekuwa wa majivu. Tukamlaza kwenye benchi. Nikachukua kadi nikaenda dirishani, kifua mbele kabisa, kwa sababu kadi ilikuwa imelipiwa na haikuwa imeisha muda.

Dada wa dirishani aliitazama, akazipiga namba zake kwenye kompyuta, akauliza, "Barua ya rufaa iko wapi?"

"Rufaa ya nini? Mtu amevunjika nyonga."

"Mnatakiwa mwanzie zahanati, ndiyo iwaandikie barua. Mmeruka ngazi. Bila barua mtalipa taslimu kama asiye na bima."

Nikamwambia, dada yangu, zahanati ya kwetu ina nesi mmoja na kitanda kimoja, unataka mtu aliyevunjika nyonga apelekwe huko akafanye nini? Akanijibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichemsha, kwamba yeye hapangi, mfumo ndio unavyotaka. Kaka akapanda bodaboda akarudi Kaengesa, njia yote ile, kwenye matope, kwenda kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba mama yake ameanguka. Mama alikuwa palepale, kila mwenye macho akimwona. Alisubiri barua yake kwenye benchi hadi jua likazama, akimeza vidonge vya maumivu nilivyonunua duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Nisiwe mwongo. Barua ilipofika kitanda tulipewa, wauguzi walikuwa watu wema, na daktari wa kumwona hatukumlipa. Picha ya mfupa tulikwenda kupiga nje kwa pesa yetu, maana mashine ilikuwa mbovu, na hilo nalo bima haikuwa na habari nalo. Daktari akaitazama ile picha akiielekeza kwenye mwanga, akaniita pembeni.

"Mfupa wa paja umekatika shingoni, hapa unapoingia kwenye nyonga. Pakivunjika hapa hapajiungi vizuri penyewe. Anahitaji kuwekewa chuma, na chuma hicho ni Mbeya."

"Akiwekewa atatembea?"

"Akiwahi, atatembea."

"Asipowahi?"

Aliinama akaandika rufaa nyingine, hii nikapewa mkononi bila kuiomba.

Nikarudi dirishani nayo. Nilijua kinachokuja, mwili ulishaniambia, lakini nilitaka mtu aniambie usoni.

"Kadi yako ni nzima," dada akasema, "ila inaishia hapa. Ni ya mkoani. Mbeya mtajilipia."

"Kwa hiyo kadi ni nzima."

"Nzima kabisa."

"Basi ungetubadilishia. Tupe mguu mzima, wewe uchukue kadi iliyovunjika."

Foleni nyuma yangu ikacheka. Mimi sikucheka. Nilitamani niingize mkono kwenye lile tundu la dirisha nimvute mtu, yeyote, aliyeuchora huo mfumo, anipe jina la aliyekaa kwenye kiti chake akaamua kwamba mwanamke wa Ufipa akivunjika vidole atibiwe, akivunjika nyonga akatambae. Dada akafunga dirisha kwenda kula chakula cha mchana. Hata yeye alikuwa na haki ya kula.

Gharama ya huko, chuma na upasuaji na gari la kumsafirisha amelala, ilikuwa jozi ya maksai pamoja na cherehani yangu, na bado. Mwenye duka ninaposhonea, mzee wa Kiislamu ambaye tangu babu yake wanauza vitambaa katika mji huu, alinisikiliza, akafungua droo akanipa alichonipa bila kukiandika popote. Halafu akatikisa kichwa. "Binti yangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao." Pesa nilimshukuru kwa magoti. Ile methali nilitamani kumrudishia. Methali zetu zina tabia ya kufika maji yakiwa yameshamwagika.

Majirani wakaja kutoka kijijini kumtazama. Wakati wa kihenge wangekuja na magunia. Sasa walikuja na unga wa ulezi kwenye vifuko, wakasimama kuzunguka kitanda, mikono haijui pa kukaa. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Lakini si ana bima?" Nilimwambia kama anaona bima inatembea aiambie imshike Mama mkono. Maskini, hakuuliza kwa ubaya. Debe lake nalo lilikuwa limeingia kwenye zile kadi, na yeye pia alikuwa na watoto nyumbani, na nilimwona usoni anaanza kuogopa.

Jioni hiyo tulibaki watatu. Mama alizungumza Kifipa, kama anavyozungumza akitaka jambo liishe.

"Nasikia mnauza."

"Nauza maksai," Kaka akasema. "Nimeshapata mtu."

"Na mimi nauza cherehani," nikasema.

"Maksai wakiondoka mtalima na nini? Mtaufunga jembe mguu wangu?"

"Tutalima kwa mkono, Mama."

"Mvua imeshaanza. Kwa mkono mtafika wapi? Watoto mwakani watakula nini, watakula chuma changu?" Akapumzika, maumivu yalikuwa yamempanda. "Nirudisheni nyumbani. Mimi nimeshatembea vya kutosha."

Nilimkasirikia. Nasema wazi, nilimkasirikia mama yangu akiwa kitandani hajiwezi, nikamwambia anajiua kwa ukaidi. Akasema, "Mguu sio mtu." Kaka akageukia ukutani. Yeye ndiye mwenye watoto, na yeye alijua Mama anasema kweli, na nikamkasirikia na yeye kwa kujua. Laiti angebisha zaidi. Laiti angekuwa mjinga kidogo, akauza kwanza akafikiri baadaye.

Tukamrudisha. Fundi wa mifupa wa kijiji cha jirani alimfunga vijiti na kamba za magome, akaufunga mguu jiwe ili unyooke. Ni fundi kweli, nimeona mikono aliyoiunga ikirudi kulima. Lakini nyonga si mkono. Masika yote Mama alilala chali akisikiliza mvua, na alipotolewa vijiti mguu ulikuwa umepungua urefu na hauwezi kubeba mwili. Tangu hapo anakaa. Asubuhi anabebwa barazani, jioni anabebwa ndani. Misa analetewa komunyo nyumbani. Mtu akiugua nyumba ya tatu anasikia habari kwa watoto, na anauliza maswali mengi, kwa sababu zamani alikuwa anakwenda kujionea.

Wapo waliosema mavuno yakija tukijaze kihenge tena. Mavuno yakaja, na kadi nazo zikaisha muda. Debe ni lile lile moja. Likienda kwenye kadi haliendi kihengeni, likienda kihengeni huna kadi, na mtoto akibanwa kifua pale zahanati unalipishwa kila kidonge. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Bima ingekuwa mbaya kabisa tungeitupa jalalani tukarudi kwenye ya kwetu. Lakini ni nusu. Mafua inatibu, kuhara inatibu, ukichanwa na jembe inashona. Siku umevunjika kweli, siku ile ambayo ndiyo uliyoilipia, inakusindikiza mpaka mlangoni na kukutakia safari njema. Halafu wenye kuipanga wanasema wananchi wa vijijini hawana mwamko. Mwamko gani zaidi ya kuuza kihenge?

Bwana wa bima akarudi. Nilisikia siku mbili kabla, nikafunga cherehani, nikapanda gari la Kaengesa nikiwa na maneno yangu yote njiani nayapanga, na mengine si ya kusemwa mbele ya watoto. Nikamkuta ameshaketi barazani pembeni ya Mama. Kaka alikuwa amepeleka mahindi mashineni.

Nikamwambia yote. Nikamwambia, wewe uliulizwa hapa hapa kadi inafika wapi, ukasema mpaka mkoani ukanyamaza, na ulikuwa unajua. Mtazame. Alikuwa anatembea mpaka misheni na kurudi, huyu. Mtazame vizuri.

Alimtazama.

"Dada, mimi naandikisha tu," akasema. "Hata mimi mama yangu kadi yake ni hiyo hiyo."

Mnaona? Hata mtu wa kumpiga sina. Nilikuja na ghadhabu ya kutosha nyumba nzima na nikakuta anayestahili hayupo, aliyepo amevaa fulana tu, na mama yake yuko kwenye kapu letu hilo hilo.

"Usimtukane mgeni," Mama akasema. Kisha akamgeukia yule bwana. "Mwanangu, tuandikishe."

"Mama!"

"Mtoto mdogo wa kaka yako anabanwa kifua kila baridi ikianza. Kifua kinaishia zahanati. Zahanati kadi inafika."

"Na wewe?"

"Mimi mniweke au mniache. Kwani kadi inanihitaji nitimize watu sita?"

Yule bwana akasema haihitajiki, ila ni vizuri mama awemo, huwezi kujua. Akatoa simu. Akaeleza kwamba mfumo umebadilishwa, picha zote zinapigwa upya. Wakapigwa watoto, akapigwa wifi yangu. Akaja kwa Mama pale barazani alipoketi, akapiga, simu ikakataa. Akapiga tena. Kuna kivuli cha paa, akasema huku hanitazami, mfumo haupokei, labda asogee pale ukutani penye jua.

Kuku walikuwa wanachakura.

"Nisimamisheni," Mama akasema.

Wifi akamshika upande mmoja, mimi upande mwingine, tukamfikisha kwenye ukuta. Yule bwana akasema tumwachie kidogo tu. Wifi akaachia. Mimi nikapiga magoti nyuma ya Mama, kati yake na ukuta, nikamkumbatia mapaja kwa mikono miwili, nikabeba uzito wake wote kwa bega, na nikasikia ule mguu unatetemeka shavuni pangu. Yeye akajirekebisha kilemba.

"Dada, kichwa kinaonekana," yule bwana akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Kidogo tena."

Nikainama mpaka paji likagusa nyuma ya goti lake. Simu ikalia. Imepokea, akasema, na akatuletea tuione. Ndani ya kioo Mama amesimama mwenyewe, wima, kwenye jua, mwanamke mzima kabisa, na mimi sipo.

Mama aliitazama kwa muda.

"Nimetoka vizuri," akasema. Kisha akaniambia nimkalishe, nyonga inamuuma.